Maswali ya Shamba: Geuza Jani Kabla Umande Haujakauka

Mwezi huu sanduku langu limejaa majani. Sitanii jamani, kuna mtu kanitumia jani la tikiti ndani ya bahasha ya kadi ya harusi, na mwingine kanipigia simu saa nne usiku kuniambia mnazi wake unanuka. Tangu masika yashike huku Malindi na kule Lamu maswali yote ni madoa, kuoza, kunyauka, na nilipoyapanga mezani nikaona mengi yanarudi kwa ukoo mmoja tu wa vimelea, kwa hivyo nimeyaweka pamoja. Wa ng'ombe na mbuzi mnisamehe, zamu yenu itafika.

Assalaam aleikum Bwana Shamba. Niko Hindi huku Lamu, nimepanda matikiti nusu ekari, yalikuwa yamekubali kweli, yametambaa mpaka nikawa najisifu kwa majirani. Sasa wiki mbili hizi majani yametoka madoa ya manjano, halafu yanakuwa kahawia, yanajikunja kwenda juu kama kiganja cha mtu anayeomba dua, na matikiti yenyewe bado ni kama ngumi. Nimepiga ile dawa ya unga wa manjano mara tatu, dukani waliniambia ni ya ukungu, pesa imekwenda na hakuna kitu. Je ni jicho la watu au ni ugonjwa? — Mama Matikiti, Hindi

Wa aleikum salaam mamangu. Mambo ya jicho waulize walimu, mimi nitakujibu ya majani.

Kesho alfajiri, ukishaswali, usilale tena. Ingia shambani kabla jua halijapanda, umande ukiwa bado unalowesha kanga yako, chagua jani lenye doa ambalo halijakauka kabisa, uligeuze. Usitazame juu, tazama chini ya jani, pale pale nyuma ya lile doa. Ukiona vinyoya vidogo vya rangi ya majivu iliyochanganyika na zambarau, kama vumbi la masizi, na ukipitisha kidole gumba vinakuachia weusi, basi umeshamshika mwizi. Ukienda saa nne jua limeshapiga hutoona vizuri, utarudi nyumbani unasema Bwana Shamba muongo.

Huyo jina lake la kitaalamu ni Pseudoperonospora cubensis. Hilo cubensis ni kwa sababu alielezwa mara ya kwanza kutoka Kuba, mwaka 1868. Ndugu zetu wa Tanzania wanamwita ubwiri vinyoya, na mimi nalipenda jina hilo manake linakuambia cha kutafuta. Anashambulia tikiti, tango, boga, mung'unye, ukoo mzima wa mimea inayotambaa. Kwenye tango madoa yake yana pembe pembe kwa sababu yanazuiliwa na mishipa ya jani, utadhani mtu kayakata kwa mkasi, lakini kwenye tikiti pembe hizo hazionekani sana na jani ndiyo linajikunja kwenda juu, kama ulivyoeleza wewe mwenyewe.

Sasa ile dawa ya manjano. Kwa maelezo yako hiyo ni salfa, na salfa inafanya kazi kweli, ila kwa ugonjwa mwingine kabisa, ule unaoitwa ubwiri unga, ambao unakuja kama mtu kamwaga unga wa ngano juu ya jani. Hao wa korosho wanaujua sana. Ubwiri unga ni kuvu. Huyu wako wewe si kuvu, kwa hivyo salfa anaicheka tu. Na nikwambie mimi ninayekujibu nilishafanya kosa hilo hilo, nilikuwa na matango yangu huku Gede, nikauziwa salfa kwenye duka moja sitalitaja, nikapiga wiki tatu mfululizo, tena nikaipiga saa sita mchana kwenye joto la kufa mtu, salfa ikaunguza hata yale majani yaliyokuwa mazima. Nilipoteza matango mara mbili, nusu kwa ugonjwa nusu kwa ujinga wangu.

Cha kufanya sasa. Kwanza angalia, kama zaidi ya nusu ya majani yamekauka na matikiti bado ngumi, mamangu usitie pesa nyingine hapo, itakuuma lakini ndiyo ukweli. Tikiti lenyewe haliugui, huyu anakula majani tu, ila tikiti bila majani halina wa kulipikia sukari, na jua linaliunguza mgongo. Kama majani mengi bado kijani basi una nafasi. Dukani usiombe "dawa ya ukungu", soma ile karatasi ya nyuma, tafuta yenye shaba au mankozebu kwa kukinga, na kama ugonjwa umeshaingia tafuta iliyochanganywa na kitu kama metalaksili inayoingia ndani ya mmea. Hakikisha imesajiliwa na PCPB, ile bodi ya serikali inayosimamia dawa za mimea, na kwamba zao lako limeandikwa pale kwenye karatasi, tikiti liwe limetajwa. Na ukipiga, elekeza nozeli kutoka chini kwenda juu, manake adui yako anakaa chini ya jani, wengi wetu tunaosha mgongo wa jani halafu tunalaumu dawa.

Hiyo metalaksili usiigeuze uji wa kila siku. Ilitoka miaka ya 1970 mwishoni na watu wakadhani wamemaliza kazi, kufika 1979 kule Israel matango yalikuwa yanaugua juu ya dawa, mwaka uliofuata viazi vya Ireland na Uholanzi vikafuata. Kijidudu kikiizoea ndiyo imekwisha, inabidi ubadilishe aina, si ubadilishe rangi ya pakiti tu huku ndani ni kitu kile kile.

Kuna moja la mwisho na hili halina gharama. Mbegu zake zinapeperuka na upepo, zinaweza kwenda mbali sana, na hakai kwenye udongo mtupu, anahitaji mmea hai. Huku pwani hakosi, kila siku kuna mtu ana boga nyuma ya jiko. Kwa hivyo ukipanda tena wakati huu wa kusi, shamba jipya liweke kusini mwa lile la zamani, upepo uwe unatoka kwa wazima kwenda kwa wagonjwa. Kaskazi ikivuma geuza. Wazee walipanga safari za majahazi kwa pepo hizi hizi, sisi tunashindwa kupanga matikiti.

Bwana Shamba, juzi nilikusikia kwenye mkutano wa wakulima unasema huyu wa matikiti "si kuvu". Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Malindi na wanafunzi wangu wamenibana. Kama si kuvu ni nini, na mbona anaota vinyoya kama kuvu? — Mwalimu, Malindi

Mwalimu umenipa swali nililokuwa nalisubiri, ngoja nikae vizuri.

Hata wataalamu walidanganyika kwa zaidi ya miaka mia. Anaota nyuzi nyuzi, anatoa vinyoya, anaozesha, nani angesema si kuvu? Lakini ukimpasua ndani ni kabila jingine. Ukuta wa chembechembe za kuvu wa kweli umejengwa kwa kitini, kitu kile kile kinachofanya gamba la kamba na kaa liwe gumu. Hawa ukuta wao sehemu kubwa ni selulosi, ile iliyoko kwenye pamba na mbao. Kwa hivyo uyoga na kamba wana kitu wanachoshirikiana, na huyu wa matikiti hayumo. Wanasayansi wanawaita oomaiseti, sisi tuseme ukungu wa majini.

Jamaa zake wa karibu nani? Hapa wanafunzi wako watacheka. Wapeleke ufukweni asubuhi maji yakiwa yametoka, uwaonyeshe ule mwani wa kahawia unaotupwa na mawimbi, wenye vipovu vidogo vidogo watoto wanavyopenda kuvipasua. Huo ndiyo binamu. Ukungu wa matikiti uko karibu na mwani wa kahawia kuliko ulivyo karibu na uyoga. (Si ule mwani wanaolima Zanzibar na kule Kwale, ule mwingi ni mwekundu, ukoo tofauti.)

Na tabia ya baharini haijamtoka. Tone la maji likikaa juu ya jani, kile kibegi kidogo kilicholetwa na upepo kinapasuka na vinatoka vijimbegu vyenye mikia miwili, mmoja una vinyweleo na mwingine ni laini, vinaogelea. Vinaogelea kweli mwalimu, juu ya jani la tikiti, mpaka vikute tundu lile ambalo jani linapumulia, vinatulia hapo, vinavua mikia, vinaota na kuingia ndani. Saa chache tu za jani kuwa na maji zinatosha. Ndiyo maana nawaambia watu ugonjwa huu ni wa umande na mvua na wa yule anayemwagilia jioni kwa mpira akilowesha majani, halafu jani linalala na maji usiku kucha. Ukimwagilia mwaga kwenye shina, dripu ikiwezekana, na panda kwa nafasi upepo upite ukaushe. Jani kavu ni jangwa kwake, hana pa kuogelea.

Ukishajua hilo unaelewa na mambo ya dawa. Dawa nyingi za kuvu zimetengenezwa kupiga kiungo fulani kinachoitwa ergosteroli, kuvu anakitengeneza ili ngozi ya chembe yake isimame. Huyu hakitengenezi. Unampiga mtu ngumi kwenye jino ambalo hana.

Ukoo wake unaitwa Peronosporaceae, una jamaa mamia, na ndani yake mna watu wawili wakubwa. Kuna hao wa vinyoya kama wa tikiti, mzabibu, na mtama, ambao wengi hawawezi kuishi bila mmea hai. Halafu kuna Phytophthora, sema fitofthora, ambaye anaua na kuendelea kula maiti. Jina hilo ni Kigiriki, maana yake mwangamiza mimea, na alipewa na Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876. Hakulipamba.

Shikamoo mzee. Mnazi wangu mmoja hapa Mambrui, ule mrefu wa karibu na kisima, umeanza kupukutisha vitale, na kuti changa la katikati limekuwa la manjano likainama. Mgema wangu alipopanda akalishika likatoka mkononi bila nguvu, akashuka mbio anasema juu kunanuka kama samaki wa juzi. Makuti ya chini yote ni kijani kizuri tu. Jirani anasema ni chonga, mwingine anasema kuna mtu kautia chumvi. Nisaidie. — Kijana wa Mambrui

Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyenipigia saa nne usiku, nakujua.

Pole sana, manake mnazi si mwembe. Mwembe ukikatwa tawi unatoa tawi, mnazi una moyo mmoja tu kule kileleni na moyo ukioza hakuna wa kuurithi. Dalili ulizonipa, kuti la katikati kutoka kwa kuvutwa kidogo, harufu, vitale kudondoka, na makuti ya chini kubaki kijani, hizo ni dalili za kuoza moyo, na anayejulikana kwa kazi hiyo ni Phytophthora palmivora, huyo huyo wa ukoo niliomwambia mwalimu hapo juu. Yale makuti ya chini yasikudanganye. Yalishaota zamani, yatakaa kijani miezi mingine mingi juu ya mnazi uliokwisha kufa, kama taa iliyoachwa inawaka kwenye nyumba waliyohama watu.

Chonga naye, yule mende wa minazi, ni kweli yupo, usimpuuze jirani yako, ila kazi yake ina sahihi. Anatoboa, na mlangoni mwa tundu anaacha nyuzi nyuzi alizotafuna kama makumbi, halafu kuti likija kufunuka unaliona limekatwa mfano wa feni au herufi V. Hakuna harufu ya samaki. Tatizo ni kwamba wanaweza kuwa wote wawili, tundu la chonga linakuwa mlango wa uozo. Ya chumvi sina la kusema.

Mrudishe mgema juu asubuhi na panga lililonolewa. Avute ile sehemu iliyooza aitoe yote, akwangue mpaka afike kwenye nyama nyeupe isiyo na harufu. Akifika huko na bado kuna nyama nyeupe ngumu pale moyoni, upo uwezekano. Akichimba akakuta uji mtupu, shuka mwanangu, kata, na kile kilele chote kichomwe moto, kisiachwe kimelala hapo chini ya minazi mingine kinanyeshewa.

Kama moyo upo, pakaa dawa ya zamani, mrututu (ile chumvi ya shaba ya bluu) na chokaa. Kwa mnazi mmoja gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa, kwa lita moja ya maji, itakuwa nzito kama rangi ya ukuta. Yeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki, si sufuria wala debe, manake mrututu unakula chuma, chokaa iyeyushe kwenye chombo kingine, halafu ndiyo uchanganye. Chovya kisu cha chuma kinachong'aa kwa dakika moja, kikitoka na wekundu wa shaba chokaa haijatosha, ongeza. Paka kidonda chote, kisha kifunike na chungu kikuukuu au nailoni ngumu maji ya mvua yasiingie, uache mpaka uone kuti jipya linachungulia. Minazi ya jirani nayo inyunyizie kileleni ile nyepesi, gramu 100 kwa 100 kwa lita kumi. Mgema avae kitu machoni, mrututu ni sumu, na maji ya kuoshea vyombo usimwage kisimani wala mahali yatakapofika baharini, samaki hawaipendi shaba kabisa.

Dawa hii ina kisa nakipenda. Ukungu wa vinyoya wa mizabibu uliingia Ufaransa kutoka Marekani mwaka 1878 na ukaanza kumaliza zabibu. Mwaka 1882 kuna profesa mmoja, Millardet, akipita mashamba ya Médoc akaona mizabibu ya kando ya barabara ina majani mazima wakati ya ndani imekwisha. Kuuliza, akaambiwa wenyewe hupaka ile ya barabarani mrututu na chokaa iwe na rangi ya kutisha ili wapita njia wasiibe. Akaenda akaijaribu, na 1885 akaitangaza. Yaani dawa ya ukungu huu ilianza kama dawa ya wezi. Ningejua ningepaka miembe yangu ya njiani, ningepata faida mbili.

Bwana shamba mchicha wangu una malengelenge meupe chini ya majani. Nikiupika tutaumwa? — Shela

Hamuumwi dada. Hiyo inaitwa kutu nyeupe, nayo ni ukungu wa majini lakini wa ukoo wa jirani, si Peronosporaceae. Chuma majani mabovu uyatupe mbali, mengine pika na nazi yako. Usipige dawa mboga unayochuma kila siku mbili, ng'oa tuta lililozidiwa, panda kitu kingine hapo, na acha kumwagilia juu juu.

Salaam. Mimi ni gaidi wa watalii hapa Amu (muongoza watalii, si lile jingine!). Juzi nilikuwa na mgeni mzee kutoka Ireland, tulikaa mbele ya jahazi tukila viazi karai, akaniambia familia yao ilikufa nusu kwa sababu ya ugonjwa wa viazi. Nilidhani ananitania. Watu wanakufaje kwa kiazi kuugua, si wale kitu kingine? — Muongozaji, Amu

Hakukutania. Na ulimjibu nini maskini, natumai hukucheka.

Ni Phytophthora infestans, ndugu yake yule wa mnazi. Alitokea mabara ya Amerika, akaonekana Ireland mwaka 1845, na hali ya hewa ya kule, baridi na mvua ya kila siku, kwake ni kama karamu. Shamba la kijani leo, siku chache baadaye ni jeusi na linanuka, na viazi vilivyo chini ya udongo navyo vinaoza. Nchi ilikuwa na watu kama milioni nane, karibu milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi ya njaa, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli kwenda Marekani na kwingine.

Swali lako la "si wale kitu kingine" ni zuri. Maskini wa kule walikuwa na vipande vidogo vya ardhi ya kukodi, na kiazi peke yake ndicho kingeshibisha nyumba kwenye kipande kama hicho, tena wengi walipanda aina moja tu, iliyoitwa Lumper. Nafaka ilikuwepo nchini, na ng'ombe pia, vilikuwa vinapakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza huku watu wanakufa, manake mpangaji alitakiwa alipe kodi. Kwa hivyo kimelea kiliua viazi, watu waliuawa na mambo mengine ya juu yake.

Kitu kingine, hakuna aliyejua ni nini. Wengine walisema ni mvua, wengine ghadhabu ya Mungu. Kuna kasisi wa Uingereza, Berkeley, aliyekuwa anapenda kuchungulia vitu kwa hadubini, mwaka 1846 akaandika kwamba ule ukungu ndiyo sababu yenyewe wala si matokeo ya kuoza, na wakubwa wengi wa wakati ule wakampinga. De Bary ndiye aliyekuja kulithibitisha miaka ya 1860. Elimu yote ya magonjwa ya mimea, mpaka huyu anayekujibu, kwa sehemu kubwa ilianzia kwenye viazi vile.

Mgeni wako akirudi mpe viazi karai vingine, bila kumtoza.

Nyanya zangu kando ya mto Sabaki zinanyauka mchana, jioni zinaamka kidogo, siku ya tatu zimelala moja kwa moja na majani bado kijani. Jamaa yangu wa bara anasema ni blaiti, nipige ile dawa ya viazi. — Mkulima wa Sabaki

Jamaa yako anasema ya kwao. Baka jani chelewa, hiyo mnayoita blaiti, ni yule yule wa Ireland, na anapenda usiku wa baridi baridi, ndiyo maana anawatesa wa Nyandarua na Meru. Usiku wa Malindi ni joto mno kwake kwa kawaida. Na blaiti inaanza na madoa ya kahawia yanayolowana kwenye jani na shina, mmea hauanguki ukiwa kijani.

Kwako nafikiria bakteria, mnyauko. Kata shina karibu na udongo, lining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, ukae ulitazame dakika chache. Ukiona kitu cheupe kama uzi wa maziwa kinateremka polepole kutoka kwenye mkato, ndiyo yeye, na hapo hakuna dawa ya dukani ya kukusaidia, usidanganywe. Ng'oa na udongo wake, usipande nyanya, pilipili, biringani wala viazi hapo kwa misimu kadhaa, panda mahindi. Na maji yasitoke kwenye hilo tuta kwenda tuta jingine.

Miche yangu ya pilipili kwenye kitalu inaanguka kama imekatwa na wembe pale chini, na papai la nyuma ya nyumba limeoza shina usawa wa udongo. Ni kitu kimoja? — Watamu

Karibu kimoja. Miche inaangushwa mara nyingi na Pythium, ukungu wa majini mwingine, binamu yao, na papai hushambuliwa na huyo au na palmivora yule wa mnazi. Kwa wote wawili ugonjwa wako ni maji yanayosimama. Kitalu kiinue, mbegu usizibane, mwagilia asubuhi kidogo, udongo wa zamani usiurudie. Papai lipande juu ya kichuguu na maji yapite mbali na shina. Hilo lililooza litoe.

(Yupo Pythium mwingine, insidiosum, anayeingia kwenye vidonda vya farasi na mbwa wanaosimama kwenye maji ya madimbwi, na mara chache hata binadamu. Nimelitaja kwa sababu kuna mtu wa Lamu aliniuliza kama ukungu wa matikiti utamdhuru punda wake. Hautamdhuru, punda ale majani yake, ila yasiwe yamepigwa dawa.)

Na mwisho, wengi mmeuliza: tikiti lililotoka shamba linaloumwa linaliwa? Na tukitaka kukutumia jani tulitume vipi?

Linaliwa, litakuwa tu halina utamu wa kujisifia. Cha kuogopa si ugonjwa, ni dawa, kwenye karatasi pameandikwa siku za kusubiri tangu kupiga mpaka kuvuna, hizo zihesabu hata kama mnunuzi yuko getini na lori linanguruma.

Majani jamani msiyatie kwenye nailoni. Yanatoka Mpeketoni asubuhi, yanakaa kwenye basi, yakifika kwangu ni supu, siwezi kujua kilichoua jani na kilichooza njiani. Lichume likiwa na doa bichi, si lile limekauka kabisa, lilaze katikati ya kurasa za gazeti kavu, juu na chini, andika zao, mahali, na tarehe uliyoona doa la kwanza. La mnazi msinitumie, hilo lipelekeni kituo cha utafiti wa kilimo, KALRO Mtwapa, na wewe kijana wa Mambrui nakuomba, mke wangu bado analalamika ile harufu ya gari.